Siku Walipobadilisha Anwani ya Kisima

Kuna watu wanaoogopa nyoka. Mimi naogopa mtu mwenye cheo akiketi mbele ya skrini nyeusi.

Nasema ile skrini ya kuandikia amri, isiyo na picha wala kitufe cha kubofya. Unaandika mstari, unabonyeza, mashine inatii. Haikuulizi kama una hakika. Ukiiambia mashine iliyo mbali ifute anwani yake, itaifuta papo hapo, na hutaweza kuirudisha, kwa sababu anwani hiyo ndiyo uliyopitia kuifikia. Wahenga hawakuwa na kompyuta lakini walijua: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo sisi wa kazi hii tuna desturi yetu. Kwanza unaiagiza mashine ijizime na kujiwasha yenyewe baada ya muda mfupi, ili ukikosea irudi ilivyokuwa. Kisha unaiongezea anwani mpya kando ya ile ya zamani. Ukiona mpya inaitika, ndipo unafuta ya zamani na kuhifadhi. Ni kazi ya subira kuliko akili, na labda ndiyo sababu watu wenye akili nyingi huiharibu.

Mimi ni fundi wa mtandao katika kampuni ya maji pale Kitengela, ghorofani, juu ya duka la mabati. Kampuni inaendesha visima vya jamii huku na kule Kajiado. Kimana tuna kisima cha wakulima wa vitunguu, karibu na Kiserian tuna kingine, na tuna kimoja Ewuaso Kedong, kwetu nilikozaliwa. Kila kisima kina kompyuta ndogo ndani ya sanduku la chuma, kando ya pampu. Kompyuta hiyo huuliza ofisi kila mara: niendelee? Ofisi ikijibu ndiyo, pampu inavuta. Ofisi isipojibu, pampu inasimama. Walioibuni walisema huo ni usalama, ili maji yasichotwe bila ofisi kujua. Mimi niliona ni kutoaminiana tu, lakini nilisema kimoyomoyo, maana nilikuwa naitaka kazi.

Na kazi hiyo iligharimu ng'ombe. Baba alipofariki, mama aliuza mifugo yake mmoja mmoja ili nisome. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa akija bomani, anakaa kwenye kigoda, anamwambia, "Unasomesha boma ya wengine. Huyu ataolewa." Mama alikuwa akimpa chai na kumwacha aongee. Akiondoka, anauza mwingine.

Kitu kimoja tu hakukubali kupoteza, nacho ni zamu ya kisima. Kwetu, maji ya kisima hunywewa kwa zamu. Kila boma lina siku yake na nafasi yake, na zamu hurithiwa kama shamba. Zamu ya baba ilikuwa ya kwanza, Jumatano asubuhi. Asiyefuga ataona ni jambo dogo. Ng'ombe wa zamu ya kwanza wanakunywa mapema, halafu wana siku nzima ya kutafuta malisho, na wakati wa kiangazi malisho yako mbali. Ng'ombe wa zamu ya mwisho wanakunywa jua likizama. Wanalala na maji tumboni bila nyasi. Kiangazi kikirefuka, hao wa mwisho ndio huwa ngozi kwanza.

Baba mdogo alitaka zamu hiyo iende kwake, kwa hoja kwamba mjane hana haja ya kuwa mbele ya wanaume. Mama alikwenda akaketi mbele ya wazee wa kamati ya kisima, na hakuinuka mpaka wakamwachia. Nilikuwa shule ya bweni wakati huo. Niliambiwa tu kwamba aliketi.

Nilipoajiriwa, mama alisimama pale kisimani na kuwaambia wanawake wenzake, "Hii maji, msichana yangu ndiye anaangalia kutoka Kitengela." Alisema vile baba mdogo akisikia. Nadhani wale ng'ombe wote walilipwa siku hiyo, kwa hesabu yake mama.

Sasa niseme kuhusu bosi. Ni mtu wa hapa hapa Kajiado, amelelewa kwenye ranchi ya babake yenye kisima chake, na sidhani amewahi kuona ng'ombe akingoja kitu. Ana suti nzuri. Anapenda neno "mfumo". Kitu kikiharibika husema mfumo umekataa, kikitengenezwa husema tumeuboresha mfumo.

Ofisi ilikuwa imepata laini mpya ya intaneti, na anwani za laini ile ziligongana na anwani za visima, mfano wa nyumba mbili za mtaa mmoja kupewa namba moja. Ikabidi visima vipewe anwani mpya. Nilikuwa nimepanga kufanya kazi hiyo polepole, kisima baada ya kisima, kila kimoja saa ambayo hakina watu. Lakini wageni walikuwa wanakuja, wafadhili, na bosi alitaka waione skrini kubwa ya ukutani ikionyesha visima vyote vikiwa kijani kwenye laini mpya. Ilikuwa Jumatano asubuhi.

"Tuanze na Ewuaso," alisema, akivuta kiti karibu na changu.

"Leo ni Jumatano," nikamwambia. "Saa hii watu wananywesha ng'ombe. Tufanye mchana, wakishamaliza."

"Hii ni kitu ya dakika mbili. Hata hawatajua."

"Basi ngoja niweke ile ya kujiwasha yenyewe kwanza. Ikikataa, itarudi."

"Ngoja, ngoja. Wewe kila kitu ni ngoja. Hapa si boma, hapa ni ofisi. Hebu lete."

Akavuta kibodi upande wake. Nilikuwa nimeshaingia ndani ya mashine ya Ewuaso, mlango uko wazi, skrini inangoja amri. Niliona vidole vyake vikiandika na nikajua mstari ule kabla haujaisha. Alikuwa anafuta anwani ya zamani, kwanza, kabla ya kuweka mpya. Nilisema, "Hapana, hiyo inakuja ya pili." Akabonyeza.

Skrini ikaganda. Akaandika ule mstari wa kuweka anwani mpya, herufi hazikutokea. Akabonyeza tena na tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyohama.

"Mfumo umekataa," akasema.

"Haujakataa. Umeiambia isahau mahali iko, na imesahau. Sasa hakuna mahali pa kupitia."

"Itarudi?"

"Ingerudi kama tungeweka ile nilisema."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wa kale. Mimi nililisikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa la mama.

Simu yake ilikuja kabla hata bosi hajainuka kwenye kiti. Mama huongea nami kwa Kimaasai, lakini akikasirika hugeukia Kiswahili, kana kwamba hataki kuichafua lugha yake. Siku hiyo alianza na Kiswahili.

"Maji imekatika. Ng'ombe zangu ndio zimefika kwa birika, hata hazijakunywa. Ni nini?"

"Ni mashine, mama. Nakuja."

"Unakuja? Si unaangaliaga kutoka huko?"

Nilimwambia bosi kwamba lazima mtu aende na kebo, achomeke kwenye lile sanduku na kuandika anwani kwa mkono, hakuna njia nyingine. Akasema gari limeenda kuchukua wageni, niende kesho. Nikamwambia ng'ombe hawanywi kesho. Akasema nisimletee siasa za nyumbani. Hapo nikachukua laptopu na kebo, nikakodi gari la jirani yangu anayesambaza mayai, nikapitia Kiserian nikateremka bondeni. Safari sitaisimulia. Vumbi ni vumbi.

Nilipofika ilikuwa mchana na jua limesimama. Nilichokiona pale sikukipenda. Ng'ombe wa zamu ya mama walikuwa bado kwenye birika kavu la kunyweshea, na nyuma yao walikuwa wamefika wa zamu ya pili, na ya tatu, wote wamechanganyika, wanasukumana, wanalia. Wengine walikuwa wanalamba saruji ya birika. Watu walikuwa kimya. Kama wangepiga kelele ningejisikia nafuu.

Mama alikuwa amesimama mbele kabisa, fimbo mkononi, akiwazuia ng'ombe wake wasikanyage ndama. Sikumfikia. Baba mdogo alikuwa ameketi ukingoni mwa birika pamoja na wazee wawili wa kamati. Nikaenda kwake na kuinamisha kichwa, jinsi mtoto anavyomwamkia mzee, naye mzee huweka mkono kichwani na kuitikia. Nilikaa nimeinama. Mkono haukuja. Nikainua kichwa mwenyewe.

Nilifungua sanduku, nikachomeka kebo, nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe na kuweka laptopu juu ya paja. Kazi yenyewe ni mistari michache. Unaipa mashine anwani, unaiambia mtaa wake unaishia wapi, unaionyesha mlango wa kutokea kwenda ofisini. Nilitaka kurudisha anwani ya zamani, ile iliyojulikana, ile mpya niiache iwe kazi ya siku nyingine. Bosi akapiga simu kabla sijabonyeza.

"Uko kwa sanduku? Weka ile mpya. Wageni wako hapa, skrini inaonyesha nyekundu."

Nikaweka mpya. Nilikuwa nimebana simu kwa bega, na bosi hakukata. Nikasikia sauti za watu chumbani, nikamsikia akiwaambia wageni kwa sauti ya kanisani, "Kama mnavyoona, Ewuaso imekuwa kijani. Haya yote tunayafanya tukiwa hapa hapa ofisini, kwa amri tu." Wakapiga makofi. Niliyasikia makofi hayo nikiwa nimepiga magoti, na mavi ya ng'ombe yamepenya sketi mpaka kwenye ngozi.

Pampu ikanguruma. Maji yakaja, kwanza ya kahawia, halafu safi. Ng'ombe wakataka kujitupa, wachungaji wakawazuia kwa fimbo.

Hapa ndipo kosa lilipotendeka, na sijui nimwite nani mkosaji. Watu hawakuwa wanayatazama maji. Walikuwa wananitazama mimi. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi na birika kavu, hakuna aliyejua sababu, kisha binti wa mjane akaja, akachomeka waya, akagusagusa kwa vidole, maji yakatoka. Kwa watu wanaoishi kwa maji, jambo hilo lina maana moja. Nililiona likipita kwenye nyuso zao kabla ya mtu yeyote kulisema.

Baba mdogo ndiye aliyelisema, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Kumbe ni wewe uko na ufunguo."

"Si ufunguo, baba. Nimetengeneza tu. Ilifungwa huko ofisini."

"Na wewe ulikuwa wapi asubuhi?"

"Ofisini."

"Aliyefunga alikuwa wapi?"

"Ofisini. Ni bosi. Mimi nilimwambia angoje."

"Mlikuwa chumba moja?"

"Ndiyo."

"Basi mlifunga pamoja," akasema, na wazee wawili wakatazama chini, kwa sababu maneno hayo kwetu si mepesi. Kuiba ng'ombe wa mtu ni kosa, lina faini yake na linaisha. Kuyafunga maji mifugo ikiwa imesimama na kiu, hilo watu hulikumbuka. Atakayelifanya, boma lake lote hurudishwa zamu ya mwisho.

Nikamwambia mama aanze kunywesha, ng'ombe wake walikuwa pale pale mbele. Akatikisa kichwa.

"Zamu yangu ilikuwa asubuhi. Saa hii ni ya wengine."

"Mama, si kosa lako imepita."

"Imepita," akasema, akaanza kuwarudisha ng'ombe wake nyuma kwa fimbo, mmoja mmoja, kutoka kwenye maji waliyokuwa wamesimama nayo uso kwa uso. Nilimsaidia kuwarudisha. Sijafanya kazi chungu kuliko ile, na nimewahi kuosha maiti. Walikunywa mwisho kabisa, jua likienda.

Kamati ilimwita mama wiki iliyofuata. Mimi nilikuwa Kitengela, bosi alikuwa amekataa ruhusa. Alikuwa ameandika ripoti kwamba kituo cha Ewuaso kilipata hitilafu ndogo wakati wa uboreshaji, ikashughulikiwa. Hakuweka jina lake wala langu. Nikajiambia sawa, huku ofisini hakuna aliyekosa, huko kisimani amekosa mama.

Lakini nilijua kuna njia ya kumtoa. Kwetu kuna msemo wa wazee kwamba mchungaji halipi kosa la mwenye ng'ombe. Kijana wa kuajiriwa akipitisha mifugo kwenye shamba la mtu kwa amri ya tajiri wake, anayelaumiwa ni tajiri. Mchungaji huambiwa aende zake. Nikampigia mama usiku wa kuamkia kikao, nikamwambia aseme hivyo tu. Aseme mimi niliagizwa. Aseme mimi ni mtu wa kuajiriwa, kuna mkubwa juu yangu, yeye ndiye aliyefunga. Niliona ni ukweli wa kutosha, sikumwomba aongeze chumvi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliagizwa?" akauliza, kwa Kimaasai.

"Sikuagizwa. Nilikataa. Hakunisikia."

"Hakukusikia," akarudia. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilikwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Nilifika jioni, boma likiwa tupu, nikajua bila kuambiwa kwamba zamu yetu sasa ni ya mwisho. Nikashuka hadi kisimani. Mama alikuwa pale peke yake na ng'ombe wake, wamedhoofu, mbavu zinahesabika, wanakunywa maji ya mwisho yaliyochafuliwa na mifugo ya kijiji kizima. Nikamwamkia, "Takwenya." Akaitikia, "Iko," huku macho yake yakiwa kwenye birika.

Nikamuuliza kama hawakumwamini. Kama aliwaambia kwamba niliagizwa, na wakakataa.

"Sikuwaambia."

Sikuelewa. Nikamwambia kwamba nilimweleza kila kitu, neno kwa neno.

"Baba yako mdogo aliuliza. Alisimama mbele ya watu wote akauliza, huyu msichana alifunga kwa kichwa yake, ama ni mtu alimtuma. Yeye ndiye aliniuliza. Alikuwa anangoja niseme ulitumwa." Alikuwa amehamia Kiswahili. "Nikasema ni wewe. Kwa kichwa yako."

"Mama, kwa nini?"

Alipigapiga ng'ombe mmoja mgongoni ili asogee. Kisha akanitazama, na nilimwona amezeeka.

"Hao watu waliniambia nisiuze ng'ombe. Niliuza. Waliniambia hakuna kitu utakuwa. Nikawaambia mtaona. Sasa niende niseme nini? Eti umesoma miaka hiyo yote, uko huko kwa ofisi, unajua hiyo kazi kuliko mkubwa wako, na ukisema ngoja, hakuna mtu anangoja? Heri waseme binti yangu alifunga maji. Wasiseme nilisomesha mchungaji."

Ningesema nini? Kwamba anakosea? Hakukosea. Tulisubiri ng'ombe washibe, tukapanda nao.

Bado niko kwenye kazi ile. Kila Jumatano asubuhi, nikifika ofisini, naitazama Ewuaso kwenye skrini ya ukutani. Iko kijani, anwani yake mpya inaitika vizuri, pampu inavuta tangu alfajiri. Najua ni ng'ombe wa nani wanaokunywa saa hiyo, kwa sababu baba mdogo alipewa zamu ile. Na vidole vyangu viko juu ya kibodi, na ningeweza kufanya sasa kile ambacho kijiji kizima kinaamini nilifanya. Mama mwenyewe aliwaambia naweza.

Bosi akipita nyuma yangu huniuliza kama kila kitu kiko sawa. Namwambia kiko sawa.